Moshi Wetu na Jirani Tusiyemwona

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali ambalo halijazoeleka katika mabaraza yetu, walakini laingia katika kila nyumba iwashayo moto. Swali ni hili: Mtu akiwasha moto katika shamba lake mwenyewe, na moshi ukachukuliwa na upepo hata nchi ya mbali, ukachanganyika na moshi wa watu maelfu kwa maelfu, ukawadhuru watu asiowajua wala wasiomjua yeye, je, mtu huyo ana neno la kujibu? Au tuseme kwamba deni lisilo na mdai si deni?

Wengine watasema kwamba swali hili ni la wataalamu wapimao hewa, si la walimu wa Injili na wazee wa sharika. Hatukubali. Wataalamu waweza kutuambia moshi umetoka wapi na umekwenda wapi. Nao wametuambia, kama tutakavyoeleza. Lakini kipimo hakisemi nani ana wajibu kwa nani. Hilo ni jambo la dhamiri, nayo dhamiri ni shamba tulilopewa sote kulima.

Sheria ya moto

Sisi wa Nambambo, pamoja na ndugu zetu wa Nachingwea yote na Ruangwa, si wageni katika mashauri ya moto. Mvua zikiisha na majani yakianza kukauka, moshi waanza kuonekana huku na huku. Mmoja achoma mabua ya mahindi na mtama apate kutayarisha shamba. Mwingine akusanya majani chini ya mikorosho na kuyatia moto kabla korosho hazijaanza kuanguka. Mwingine apanga magogo ya mkaa. Mwingine awasha pori ili awatoe panya na sungura mafichoni. Mwingine apita na kijinga cha kurinia asali, akakitupa njiani bila kugeuka nyuma. Kufika Septemba na Oktoba vilima vya mbali havionekani vema, na jua lachwa jekundu kama shaba.

Katika miezi hiyo wazee hukaa barazani kwa shauri lile lile la kila mwaka: moto umevuka mpaka, mikorosho ya mtu imeungua. Nao hawapotezi siku nyingi. Huuliza maneno matatu: Nani aliwasha? Upepo ulivuma kutoka wapi? Mwenye moto alifyeka njia ya kuuzuia, au aliuacha uende upendako? Kisha huenda pamoja kutazama majivu yalipoanzia, huhesabu miti, na mwenye moto hulipa.

Desturi hii yapatana na Torati. Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 22, imo amri juu ya moto ushikao miiba na kuteketeza mazao ya mtu mwingine; aliyeuwasha hana budi kulipa. Itazameni vema amri hiyo. Haiulizi kama mtu yule alikuwa na chuki, wala haiulizi kama alikusudia kudhuru. Yatosha kwamba aliwasha yeye, na mwenzake amepata hasara. Kwa hiyo tangu kale watu wamejua kwamba kuna deni lizaliwalo pasipo nia mbaya.

Walakini sheria hiyo, ya wazee na ya Torati pia, hufuata moto, haifuati moshi. Sababu yake ni wazi. Moto una nyayo. Mtu aweza kuzifuata kwa miguu yake, akaanza penye mti ulioungua na kuishia penye jiwe alipoketi yule aliyewasha. Moshi hauna nyayo. Ukiisha kupita juu ya miti umekuwa wa mbingu, na hakuna mzee awezaye kuunyoshea kidole na kusema, Huu ni wa fulani. Basi tumezoea kusema kwamba moshi umepotea. Neno hilo, kupotea, ndilo tunalotaka kulipima.

Njia ya pepo

Wazee wa pwani walijua zamani kwamba hewa ya Bahari ya Hindi ina majira yake. Tangu Desemba hata Machi kaskazi yavuma kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi, na kwa upepo huo majahazi yalikuja Unguja, Kilwa na Lindi. Katikati ya mwaka kusi yavuma kutoka upande wa Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska, nayo iliyarudisha majahazi kwao. Pepo zilizojaza matanga ndizo zichukuazo na masizi.

Mwaka 1999, tangu Januari hata Machi, wataalamu zaidi ya mia mbili kutoka Marekani, Ulaya, Bara Hindi na Maldivi walifanya kazi moja kubwa juu ya bahari hiyo, nayo iliitwa INDOEX. Viongozi wake walikuwa V. Ramanathan, mzaliwa wa Bara Hindi, na Paul Crutzen, mzaliwa wa Uholanzi, aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Walitumia ndege, merikebu, setilaiti, na kituo cha kupimia hewa katika kisiwa kidogo cha Kaashidhoo huko Maldivi. Mahali kama pale, katikati ya maji, mtu angetazamia hewa safi. Wao waliona utando wa rangi ya kahawia, wenye kimo cha kilomita kama 3 kutoka usoni pa bahari, umeifunika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi ya kaskazini, ukivuka ikweta mpaka kwenye ule mkanda wa mvua ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana. Ndani yake mlikuwa na masizi, majivu, vumbi, na chembe za salfa zitokazo katika mkaa wa mawe na mafuta. Mwanga wa jua ufikao majini ulikuwa umepunguzwa kama sehemu moja katika kumi, na mahali pengine zaidi.

Twaomba msomaji akumbuke mahali petu penyewe. Nachingwea iko karibu na nyuzi 10 kusini ya ikweta, na mkanda huo wa mvua ndio utuleteao mvua zetu za Desemba hata Aprili. Kwa hiyo utando ule, uelekeapo kwetu, hupungua, na mvua huuosha. Lakini mvua haigeuzi masizi kuwa si kitu. Huyateremsha tu majini na ardhini.

Sasa, moshi huo ni wa nani? Wengi walidhani ni wa viwanda na magari tu. Mwaka 2009 wataalamu walioongozwa na Örjan Gustafsson wa Stockholm, nchini Sweden, walitoa jibu kwa njia ya ajabu. Kila mti na kila jani huvuta hewani aina ya kaboni iitwayo kaboni-14, ambayo hupungua polepole baada ya mti kufa. Mkaa wa mawe na mafuta ya ardhini, kwa kuwa vimelala chini miaka mamilioni, havinayo tena hata kidogo. Basi masizi ya kuni yanayo kaboni hiyo, na masizi ya mafuta hayana. Walipopima masizi yaliyonaswa Maldivi na katika mlima wa Sinhagad, magharibi ya Bara Hindi, waliona kwamba kadiri ya nusu mpaka theluthi mbili yalitoka katika kuni, samadi na mabaki ya mashamba. Naam, moshi ule ulikuwa umepoteza jina lake, lakini umri wake haukuupoteza.

Habari hii yapasa itutulize. Maana tulikuwa tayari kuwalaumu matajiri wa mbali, na matajiri wanayo sehemu yao, tena si ndogo. Lakini tukifuata njia ya moshi kwa uaminifu twamkuta na mama aliyeinama mbele ya jiko la samadi, na mkulima achomaye mabua ya mpunga kwa haraka apate kupanda ngano. Watu hao wanafanana nasi kabisa.

Haya, tugeuze uso. Kusi ikivuma, moshi wetu sisi waenda wapi? Waenda bara, upande wa kaskazini na magharibi. Juu ya Mlima Mugogo nchini Rwanda kuna kituo cha kupimia hewa, na huko imeonekana kwamba masizi huzidi sana wakati wa kiangazi. Yale ya Juni hata Agosti hutoka hasa katika mioto ya mbuga na misitu ya Afrika iliyo kusini ya ikweta. Moshi wa nchi za miyombo, yaani Tanzania, Msumbiji, Zambia, Kongo na Angola, hupanda juu na kuchukuliwa na pepo za mashariki mpaka Bahari ya Atlantiki. Miaka ya 2016, 2017 na 2018 ndege za NASA ya Marekani zilikwenda kuutazama moshi huo juu ya bahari, kwanza kutoka Walvis Bay nchini Namibia, kisha kutoka kisiwa cha São Tomé. Kazi hiyo iliitwa ORACLES. Hata katika kisiwa cha Ascension, kilicho mbali na pwani ya Afrika zaidi ya kilomita 1,500, masizi ya mioto ya Afrika yamepimwa. Mara nyingine njia ya moshi hugeuka: Septemba 2000, wataalamu wa kazi iliyoitwa SAFARI 2000 waliona kama mto wa moshi ukitoka kusini mwa Afrika na kumwagika juu ya Bahari ya Hindi. Tena, katika nchi yote inayoungua duniani kila mwaka, sehemu kama saba katika kumi ziko Afrika.

Basi moshi haukupotea. Umehama, na kule ulikohamia wako watu.

Jirani asiyeweza kutulipa

Hapa ndipo penye shida yenyewe, nasi twaomba msomaji asiipite upesi. Ujirani wetu wa kila siku umejengwa juu ya kurudishiana. Leo nakusaidia kuzima moto, kesho utanisaidia. Leo nakulipa mikorosho yako, kesho utanilipa yangu. Leo kwako, kesho kwangu. Twajizuia tusimdhuru jirani kwa sababu twajua kwamba yeye naye aweza kutudhuru, na sisi sote wawili twalala vema kwa mapatano hayo.

Katika jambo la moshi mapatano hayo yamekatika. Yule aletaye si yule apelekewaye. Mama wa Bara Hindi, ambaye masizi ya jiko lake yaja na kaskazi kuelekea pwani yetu, hapokei moshi wetu. Mtu wa Rwanda au wa Kongo, anayepokea moshi wetu wakati wa kusi, siye aliyetuletea ule wa Januari. Na mtu wa Ascension hatuletei kitu cho chote. Deni hili laenda mbele daima, halirudi. Kwa hiyo hesabu mbili tulizozizoea zashindwa. Kisasi chashindwa: tukisema, Wao wanachoma, nasi tuchome, tutampiga Mnyarwanda kwa kosa la Mhindi. Kubadilishana nako kwashindwa, maana hakuna tunachoweza kupewa na yule tunayemwepushia moshi wetu. Hatajua hata kwamba tumemwepushia. Hatatushukuru, wala hatatushitaki.

Yabaki mambo mawili tu ya kuchagua. Ama hapana wajibu, kwa kuwa hapana mdai. Ama upo wajibu usiotegemea mdai wala malipo. Sisi twashika la pili, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, watu wa Nachingwea twajua maana ya kuwa jirani asiyeonekana. Mwaka 1947 palianzishwa hapa kwetu, na Kongwa, na Urambo, mpango mkubwa wa kulima karanga, uliokatwa shauri Uingereza na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga udongo huu. Pori lilifyekwa kwa mitambo, reli ikajengwa kutoka pwani, watu wakahamishwa na kuajiriwa. Na mwaka 1951 mpango wenyewe ukaachwa. Katika miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Waliokata shauri walikaa mbali, na lililotendeka lilitukalia sisi. Je, kuna mtu wa hapa asemaye kwamba watu wale hawakuwa na wajibu kwetu kwa kuwa hawakutujua majina? Hakuna. Twasema bila kusita kwamba iliwapasa kutufikiri, ijapokuwa hatukuwa na njia ya kuwadai. Basi neno tulilolidai kwa haki tulipokuwa upande wa kupokea, hatuwezi kulikataa tukiwa upande wa kupeleka.

Pili, yule Msamaria wa Injili hakumhudumia mtu ambaye angeweza kumrudishia. Aliyejeruhiwa alikuwa amenyang'anywa vyote, wala hatusomi kwamba alimlipa baadaye. Tena Msamaria hakuwa amemjeruhi yeye. Sisi tunaulizwa jambo dogo kuliko lile. Hatuambiwi tufunge jeraha la mtu wa mbali. Twaambiwa tu tusilitie.

Majibu ya wenye kubisha

Labda mtu atasema, Moshi wangu ni mdogo mno; ukiondolewa, hewa ya Rwanda haitabadilika hata kidogo. Maneno yake ni ya kweli kwa kipimo cha jicho, nayo ni ya uongo kwa kipimo cha hesabu. Haba na haba hujaza kibaba. Kama kila punje ni si kitu, kibaba nacho kingekuwa si kitu. Lakini kibaba kimejaa, na watu wanakohoa. Tena sisi watu wa Kanisa hatuna ruhusa kusema hivyo hata mara moja. Siku ya sadaka twafundisha kwamba senti ya mjane ni kitu. Hatuwezi kuipima senti kwa mizani moja, na moshi kwa mizani nyingine.

Mwingine atasema, Nikiacha mimi, wengine hawataacha. Huenda ikawa hivyo. Lakini baraza lolote lina kanuni yake: mtu haji kushitaki moto wa mwenzake na kijinga chake kinafuka mkononi. Tukitaka siku moja kuwaambia wenye viwanda na wenye magari maelfu kwamba wao nao wapunguze, yatupasa tusimame mahali ambapo neno letu litasikika.

Mwingine atasema, Mababu zetu walichoma, nao hawakuwa waovu. Ni kweli, hawakuwa waovu, kwa sababu hawakujua. Wao waliona moshi ukipanda na kuisha. Hawakuwa na ndege wala setilaiti ya kuufuata. Elimu haikuumba madhara, lakini imeumba wajibu. Aliyeambiwa kwamba kisima kimeingia uchafu hawezi tena kumtekea mgeni kwa moyo mweupe. Zaidi ya hayo, mababu hawakuchoma ovyo kama wengi wadhanivyo. Palikuwa na wakati wa kuchoma na mahali pa kutochoma, na miti ya miyombo imezoea moto wa wakati wake. Aachaye desturi njema ya mababu na kushika kiberiti chao tu, hakuwafuata.

Mwingine atauliza juu ya sheria: Je, hili si kazi ya serikali? Sheria imefanya kazi yake kwa kadiri ya urefu wa mkono wake. Mwaka 1941 mahakama ya wapatanishi ilitoa hukumu katika shauri la tanuru ya kuyeyushia madini iliyoko Trail, nchini Kanada, ambayo moshi wake uliharibu mashamba ng'ambo ya mpaka, katika Marekani. Ikakatwa kwamba hakuna nchi yenye haki ya kuitumia ardhi yake hivi kwamba moshi wake uidhuru nchi nyingine vikubwa, na madhara yakiwa yamethibitika. Mwaka 1979 nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini zilifanya mapatano Geneva juu ya uchafu wa hewa uvukao mipaka. Mwaka 1998 nchi za Asia ya Kusini zilifanya yao Malé, na mwaka 2008 nchi za Afrika ya Mashariki zikakubaliana Nairobi. Mapatano haya ni mema. Lakini katika shauri la Trail ilikuwako tanuru moja, na kila mtu aliiona. Kwetu dohani ni mamilioni, kila moja lina kimo cha mwanamume aliyeshika kiberiti. Mkono wa sheria hauwezi kufika kwa kila mmoja. Dhamiri peke yake hufika.

Moto wa namna tatu

Limebaki neno la mwisho la wenye kubisha, nalo ni zito kuliko yote: Mwenye njaa naye aulizwe habari za moshi? Hapa yatupasa kupambanua, kwa maana asiyepambanua mioto atamwonea maskini.

Kuna moto wa lazima: wa kupikia uji wa mtoto, wa kuota mgonjwa. Kwa moto huo mama hana hatia mbele ya mtu awaye yote, wala wa Rwanda, wala wa baharini. Tena wa kwanza kudhurika ni yeye mwenyewe na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliwaua kabla ya wakati wao watu kama milioni 3.2, na kati yao watoto chini ya miaka mitano zaidi ya 200,000. Lakini wajibu haukufutika kwa kuwa mama hana hatia. Umehamia kwa wale wawezao kumsaidia. Umehamia kwa mume, ambaye aweza kujenga jiko la udongo lilalo kuni chache, na kutoboa tundu la kutolea moshi, na kukausha kuni vema kabla ya kuzileta. Umehamia kwa usharika, kwa serikali, na kwa nchi zenye nguvu. Asemaye, Ni lazima yake, kisha akaenda zake, ameifanya lazima ya mwenziwe kuwa raha yake.

Kuna moto wa desturi: wa mabua, wa majani ya mikorosho, wa kusafisha shamba jipya. Hapa ndipo penye kazi yetu. Moto huu mara nyingi una badala yake. Mabua yakilazwa juu ya udongo huzuia jua na kuoza kuwa mbolea. Majani ya mikorosho vivyo hivyo. Na pale ambapo hapana budi kuchoma, kuna kuchoma mapema, mwezi wa Mei na Juni, majani yakiwa bado na unyevu na upepo ukiwa mtulivu, ambapo moto huwa mdogo na kuishia karibu. Kuna kufyeka njia ya kuuzuia. Kuna kuwaita majirani wasimame na matawi mabichi. Achomaye Oktoba peke yake adhuhuri, na upepo ukivuma, anachoma na mali asiyoijua.

Kuna na moto wa mchezo na wa uzembe: wa kuwinda panya watano kwa kuteketeza pori zima, wa kijinga kilichotupwa, wa vijana wapendao kuona miali usiku. Juu ya huo hatuna maneno mengi. Hauna faida inayolingana nao, na mwenye kuuwasha ana hatia, hata kama haukugusa mkorosho wa mtu.

Je, mkaa tuuweke wapi? Twakiri kwamba wachomaji wengi wa mkaa wamesukumwa na haja, na twaona si haki kuwatwika mzigo wote. Nani anunuaye magunia yale? Ni sisi wakaao mjini, wenye mishahara na wenye maduka. Anunuaye naye ameshika kijinga, ila ameshika kwa mkono wa mwenzake. Basi deni la mkaa na ligawanywe, na mwenye nacho kingi achukue sehemu kubwa.

Tumaini lililopo

Hatupendi kuwaacha wasomaji na mzigo pasipo tumaini, nalo tumaini liko, tena ni la kweli. Gesi ya kaboni itokayo katika viwanda na magari hukaa hewani vizazi na vizazi. Hata tukiikomesha leo, wajukuu wetu wataikuta. Masizi hayako hivyo. Hukaa hewani siku chache, au juma moja au mawili, kisha mvua huyashusha. Kwa hiyo hili ni deni la namna ya pekee: likikoma kukopwa, hufutika upesi. Kijiji kikiacha mioto yake ya uzembe mwaka huu, hewa iendayo bara mwaka huu huu itakuwa na masizi machache zaidi. Hapana kungoja kizazi kingine.

Kwa hiyo twawaomba walimu na wazee wa sharika jambo moja lililo dhahiri. Kabla ya kiangazi kuanza, mwiteni kila mwenye shamba barazani. Patane nani atachoma, wapi, na siku gani. Patane nani ataacha mabua yake yaoze. Patane vijana wa kufyeka njia za moto. Na shauri la moto likija, wazee na waulize yale maneno yao matatu kama walivyofundishwa: Nani aliwasha? Upepo ulivuma kutoka wapi? Mwenye moto alifanya nini kuuzuia? Nasi twapenda waongeze la nne, ijapokuwa hakuna faini itakayotozwa kwa jibu lake: Moshi ulikwenda kwa nani? Na aulizwe kila mara, hata watoto wetu wazoee kulisikia swali hilo kabla hawajajifunza kushika kiberiti.